Saratani ya titi ikirudi, vipokezi vipimwe upya

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba magazeti huwahimiza wanawake wajichunguze matiti na kuwahi hospitali, na hilo sina neno nalo. Naomba nafasi niwazungumzie wasiotajwa sana, yaani waliokwisha kutibiwa kisha ugonjwa ukaibukia kwenye mfupa, ini au pafu.

Saratani hiyo chimbuko lake bado ni titi, lakini protini za seli zake huenda si zilezile. Baadhi ya seli hupunguza E-kadherini, protini inayozishikamanisha na jirani zake, na hivyo huwa rahisi kwao kujitenga na kuhama. Linalomgusa mgonjwa zaidi ni vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara za kukua, zikiwemo za homoni kama estrojeni na projesteroni: tafiti zilizolinganisha uvimbe wa kwanza na uliosambaa zimekuta kipokezi cha estrojeni kikitofautiana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, cha projesteroni kwa mmoja kati ya watatu, na HER2, kipokezi kingine cha ishara za kukua, kwa chini ya mmoja kati ya kumi. Dawa ya tamoksifeni huziba kipokezi cha estrojeni. Kikishatoweka, mama atameza vidonge visivyo na kazi ya kufanya. Kwa upande mwingine, aliyeambiwa zamani kuwa hana HER2 huenda sasa anayo, na trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, ingemfaa (bei yake ni mjadala wa siku nyingine).

Kwa hiyo, pale kinyama cha uvimbe uliosambaa kinapoweza kuchukuliwa bila kumhatarisha mgonjwa, kichukuliwe na kipimwe upya. Kipimo chenyewe kinahitaji uangalifu: kipande kiingie kwenye formalini, kimiminika cha kukihifadhi kisiharibike, ndani ya saa moja na kikae humo kwa saa 6 hadi 72, la sivyo protini iliyokuwepo inaweza kuonekana haipo. Mfupa una taabu zaidi, kwa sababu asidi kali ya kuulainisha inaweza kuharibu protini zilezile tunazozitafuta. EDTA, kemikali nyingine ya kuulainisha, ni salama zaidi, ingawa huchukua siku nyingi.

Ombi langu ni kwa wanaoandika barua za rufaa kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni. Kuandika "alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto" hakumtoshi daktari anayempokea mgonjwa Dodoma mjini au Dar es Salaam. Ambatisheni majibu ya vipokezi ya awali, jina la maabara iliyopima na namba ya sampuli, ili kipande cha kwanza kilichohifadhiwa kwenye nta kiweze kuombwa na kulinganishwa na kipya.

Mtumishi wa maabara,
Dodoma