Kabla ya Kulipia Chumba, Uliza Pikipiki Italala Wapi

Mteja anayefika ofisini kwetu kutafuta chumba cha kupanga jijini Dar es Salaam kwa kawaida hutaja mambo matatu kabla hajakaa vizuri kwenye kiti: kodi asiyotaka kuivuka, mtaa anaoupenda, na iwapo choo ni cha ndani au cha kuchangia. Habari za maji na LUKU hufuata baadaye. Nusu saa ikiisha, tukiwa tumekwisha kumwandikia vyumba viwili vitatu vya kwenda kuviona, ndipo anaposimama na kuokota kofia ngumu aliyoiweka sakafuni, nasi tunatambua kwamba hatujaulizana swali lililopaswa kutangulia yote hayo, yaani pikipiki italala wapi.

Swali hilo tulijifunza kuliuliza baada ya kuchelewa. Mteja wetu mmoja, kijana anayeendesha bodaboda, alipata chumba Tabata kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Alilipa miezi 6 kwa mkupuo, yaani 480,000, akaongeza kodi ya mwezi mmoja ambayo ni ada ya dalali kama ilivyo desturi, jumla ikawa 560,000. Hakumwambia mama mwenye nyumba kwamba ana pikipiki, kwa kuwa alihofia kunyimwa chumba, na sisi tuliokuwa kati yao hatukuuliza. Usiku wa pili mama alikikuta chombo kimeegeshwa kwenye korido, mlangoni pa mpangaji mwingine, akasema kwamba yeye amepangisha mtu na hakupangisha gereji. Fedha iliyokwisha kulipwa hairudi kirahisi, kwa hiyo kijana alibaki na chumba chake huku pikipiki akiilaza kwenye eneo la kulipia lenye mlinzi, kwa shilingi 1,000 kila usiku. Hesabu yake ni nyepesi: 30,000 kwa mwezi, maana yake chumba cha 80,000 kimegeuka kuwa cha 110,000, na bado kuna mwendo wa miguu saa sita za usiku kutoka huko hadi nyumbani. Kosa hilo lilikuwa letu kama lilivyokuwa lake.

Ni vyema kuwatendea haki wenye nyumba, kwani wengi wanaokataa pikipiki wana sababu ambazo hata mpangaji mwenyewe angezikubali kama angekuwa upande wa pili. Oili inayodondoka huacha doa ambalo haliondoki kwenye saruji, na vigae vya kizingitini hupasuka chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 100 kinapopandishwa juu yake kila siku bila ubao. Watoto wanaocheza uani huungua miguu kwa ekzosi ambayo bado ina moto. Zaidi ya hayo ipo hofu ya saa: mwenye bodaboda huondoka alfajiri na kurejea usiku mwingi, na kila mara geti hufunguliwa, injini hunguruma, na mbwa wa jirani huitikia. Ipo pia dhana kwamba kila mwenye pikipiki ni mhuni, na hiyo sisi hatuna hoja ya kuitetea. Tunachoweza ni kumkutanisha mwenye nyumba na mteja uso kwa uso, jambo ambalo mara nyingi huimaliza dhana hiyo haraka kuliko maneno yetu.

Kwa mpangaji, mahali pa kulaza pikipiki ni suala la riziki yenyewe. Madereva wengi wa bodaboda huendesha vyombo vya mkataba, yaani humpelekea bosi hesabu ya kila siku au ya kila wiki hadi muda waliokubaliana utimie, ndipo kadi ya pikipiki inapohamia kwao. Chombo kikiibwa mwezi wa nane wa mkataba, dereva hupoteza kazi na jasho la miezi yote hiyo kwa usiku mmoja, na mara nyingi bosi huendelea kumdai. Wapo wanaojifariji kwamba pikipiki ina bima. Tunawaomba wasome karatasi walizonazo, kwa sababu bima ndogo, ambayo ndiyo wengi huilipia, humfidia mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali yake na chombo hicho. Haimlipi mwenye chombo kilichoibwa. Anayetaka kulindwa dhidi ya wizi anahitaji bima kubwa, na hata hiyo ina masharti yake kuhusu mahali na namna chombo kinavyohifadhiwa.

Aina ya nyumba ndiyo inayoamua mengi, na nyumba inayotuletea kazi kubwa zaidi ni ile ya Kiswahili iliyoenea Manzese, Tandale, Mwananyamala, Temeke na kwingineko: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye choo na jiko. Wapangaji wa nyumba hizi huingiza pikipiki koridoni usiku na kufunga mlango mkubwa, na kwa upande wa wizi huo ni ulinzi mzuri, kwa kuwa mwizi atalazimika kupita mbele ya milango ya watu sita waliolala. Lakini korido ni njia ya wote. Usukani wa Boxer au TVS, ukijumlisha na vioo vya pembeni, hula sehemu kubwa ya upana wa korido ya kawaida, na pikipiki ya pili ikiingia, mgonjwa au mama mwenye mtoto mgongoni hapiti tena bila kuigusa. Tumeona nyumba yenye pikipiki nne koridoni, zimepangwa kama ng'ombe zizini, na ya kwanza kuingia ndiyo ya mwisho kutoka, kwa hiyo anayeamka saa kumi alfajiri huwaamsha wenzake watatu ili apishwe.

Hapo ndipo tunapolazimika kusema kuhusu moto, ingawa si mada ambayo dalali huipenda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kutokomea dirishani; hutambaa sakafuni, hupita chini ya milango, na unaweza kukutana na jiko la mkaa au la gesi lililo mbali na pikipiki yenyewe. Kabureta inayovuja matone machache haionekani kuwa tatizo ukiwa barabarani, ila ndani ya korido isiyo na hewa ni jambo tofauti kabisa. Pikipiki ikilala ndani, koki ya mafuta ifungwe kila usiku, kusiwe na dumu wala chupa ya petroli ya akiba chumbani, na injini iwashwe nje, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoweza kumuua aliyelala. Pia mlango mkubwa ukiwa ndio njia pekee ya kutokea, chombo kisiegeshwe mbele yake. Nyumba ambayo uani kuna mlango wa pili tunaipa kipaumbele kwa wateja wenye pikipiki, hata kama iko mbali kidogo na lami. Namba ya Zimamoto ni 114, nasi tunapendekeza ibandikwe ukutani karibu na mita ya LUKU.

Nyumba zenye uzio na geti, ambazo vyumba vyake vimezunguka uwanja mmoja, huondoa tatizo la korido na kuleta la ufunguo. Wenye nyumba wengi hufunga geti saa nne usiku, na baadhi hawatoi nakala ya ufunguo kwa wapangaji. Kwa mfanyakazi wa ofisini anayetumia pikipiki yake binafsi kukwepa foleni ya Barabara ya Morogoro, utaratibu huo haumsumbui. Kwa dereva ambaye saa nne usiku ndiyo kwanza abiria wa baa wanaanza kutoka, geti hilo ni sawa na kukatwa sehemu ya kipato. Tunashauri jambo hili liulizwe kwa maneno ya wazi kabisa: geti linafungwa saa ngapi, nani ana ufunguo, na nikichelewa nampigia nani. Jibu la kwamba mtaelewana tu halitoshi, kwani kuelewana kwa namna hiyo hudumu hadi siku mwenye nyumba atakapokuwa amelala.

Kuhusu ghorofa hatuna mengi: kama huna nafasi ya kuegesha iliyotajwa wazi chini, na mlinzi anayejua kwamba chombo ni chako, usipange.

Mtaa nao una hukumu yake. Vyumba vya mabonde ya Mto Msimbazi na vijito vyake huwa na kodi ya kuvutia wakati wa kiangazi, kisha masika huanza Machi na maji huingia hadi kwenye injini. Upande wa pili, miinuko ya Goba, Makongo na sehemu za Kimara ina hewa safi na viwanja vikubwa, lakini njia nyingi za ndani ni udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na tairi lililokwisha meno halipandi. Kwa hiyo tunapenda kumpeleka mteja kuona chumba siku iliyofuata mvua, inapowezekana, ingawa wenye nyumba fulani hawatupendi kwa tabia hiyo. Kijiwe cha bodaboda kilicho karibu pia ni chanzo kizuri cha habari: madereva wa pale wanajua nyumba ipi imewahi kuvunjwa na ipi ina wapangaji wanaokaa miaka.

Kwa wachache ambao sasa wanakuja na pikipiki za umeme, swali huhama kutoka kwenye petroli na kwenda kwenye LUKU. Palipo na mita moja ya kuchangia, kuchaji betri kila usiku ni ugomvi unaosubiri siku yake. Ama mpate mita ndogo ya kusoma matumizi ya chumba chako, ama mkubaliane kiasi cha kuongeza kila mwezi kabla hujahamia, ama uchague chombo ambacho betri yake hubadilishwa kituoni.

Baada ya yote hayo kujibiwa, yaandikwe. Fomu ya mkataba wa kupanga inayouzwa stationari ina kurasa chache na haisemi lolote kuhusu vyombo vya moto, lakini hakuna kinachozuia kuongeza mistari chini yake kabla ya sahihi. Sisi huandika namba ya pikipiki kama ilivyo kwenye kibao, kwa mfano ile inayoanza na MC, sehemu itakapoegeshwa, saa za kuingia na kutoka, nani ana ufunguo wa geti, na kwamba mpangaji atagharimia doa la oili na kigae kitakachovunjwa na chombo chake. Kipengele hicho cha mwisho mpangaji hukisoma kama mzigo, ila ndicho kinachomlainisha mwenye nyumba kuliko vingine vyote. Kama kutawekwa pete ya chuma ya kufungia mnyororo ukutani au sakafuni, iandikwe pia nani ameilipia na kama itabaki mpangaji akihama. Nakala moja hubaki kwa kila upande, na inapowezekana mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ishuhudie, hatua ambayo pia humtambulisha mpangaji mgeni mtaani.

Gharama yetu ni ile ile ya mwezi mmoja wa kodi, na hulipwa baada ya mkataba kusainiwa. Hatutozi fedha ya kuzungushwa kwa kila chumba unachokwenda kuona. Kwa mwenye pikipiki tunaongeza kazi moja bila malipo, nayo ni kumweleza mwenye nyumba habari za chombo kabla hujafika, ili asiyetaka akatae kwa simu na asikupotezee siku ya kazi. Hivyo orodha yako itakuwa fupi kuliko ya mtu asiye na chombo, na huenda ukasubiri wiki moja au mbili zaidi.

Siku ya kwenda kuona chumba, njoo na pikipiki yenyewe, hata kama ni karibu na ungeweza kutembea. Tunapanga safari hizo kuanzia saa kumi na mbili jioni, wapangaji wengine wanapokuwa wamerudi na vyombo vyao vimeshaingia, kwa sababu uwanja unaoonekana mpana saa nne asubuhi unaweza kuwa umejaa wakati huo. Utaisukuma mwenyewe kupita getini, juu ya kizingiti, hadi mahali itakapolala, kisha utaigeuza na kuitoa huku injini imezimwa. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuinyanyua jioni hiyo, tutakwenda kuangalia chumba kinachofuata kwenye orodha.