YAH: Malalamiko kuhusu ufungaji na usanidi wa swichi 3 za mtandao

Kitengo cha TEHAMA,
Chuo cha ufundi,
Morogoro.

Kwa: Mkurugenzi wa Huduma za Ufundi,
Kampuni iliyofunga mtandao wa chuo.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yenu ilitukabidhi swichi 3 (vifaa vya kuunganisha kompyuta za mtandao) za poti 24, yaani matundu 24 ya waya, kila moja: moja chumba cha seva, moja maktaba na moja bwenini. Zote ni za kusimamiwa, yaani zinazokubali kupewa amri, na bei tuliyolipa ni ya swichi za kusimamiwa. Na vifaa vyenyewe hatuna ugomvi, ni vizuri. Tunacholalamikia ni kwamba mmevifunga kama zile swichi ndogo za dukani ambazo mtu anachomeka waya na kwenda zake, halafu kwenye ankara mkaandika "usanidi kamili".

Tumewapigia simu mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa umeme wetu ni mbovu, mara ya pili kwamba wanafunzi wanachezea waya. Yote mawili ni kweli, na yote mawili mliyajua kabla ya kusaini mkataba. Swichi ya aina hii hununuliwa kwa sababu hizo hizo.

Tuanze na umeme. Ulipokatika Alhamisi ile, betri ya UPS (umeme wa akiba) ikaisha, swichi zote zikazima. Zilipowaka hazikuwa na kitu: poti zote zimerudi VLAN 1 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi, na 1 ndiyo ya kiwandani), tranki (kiungo kinachopitisha VLAN nyingi kati ya swichi) hakuna, hata anwani ya usimamizi tuliyokubaliana haipo. Tuliingia kwa kebo ya konsoli (ya kuingilia swichi moja kwa moja) tukakuta faili ambalo swichi hulisoma inapowaka ni tupu. Fundi wenu aliandika amri zote, akazijaribu, zikafanya kazi, akaondoka bila kuhifadhi. Hili mnalijua kuliko sisi: amri hufanya kazi palepale inapoandikwa, lakini inakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka mtu aandike copy running-config startup-config, au abonyeze kitufe cha kuhifadhi kwenye ukurasa wa wavuti. Umeme haufuti usanidi uliohifadhiwa. Kwa hiyo hoja ya umeme mbovu hatuipokei. Zima washa moja tu mbele yetu siku ya makabidhiano ingelifichua kosa hili ndani ya dakika 5.

Matokeo yake ni kwamba kwa siku nzima kompyuta za wanafunzi zilikuwa mtandao mmoja na za uhasibu. Printa ya ofisi ya mitihani ilionekana maabara. Simu za wageni zilipewa anwani za IP za ofisi. Chuo kinatunza alama na kumbukumbu za ada za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la kuombana radhi tu.

Fundi alirudi Jumatatu akaandika VLAN upya, nadhani kwa kukumbuka. Kiambatisho cha mkataba kinasema 10 ni uongozi na uhasibu, 20 wanafunzi, 30 kamera, 99 usimamizi wa swichi. Safari hii alihifadhi, lakini tranki ya kwenda bwenini ikaruhusiwa kupitisha 10 na 20 peke yake. Kamera 8 za bwenini ziko VLAN 30. Zinawaka, taa ya poti ni ya kijani, ila mashine ya kurekodi iliyo chumba cha seva haizioni hata moja. Fundi akatuonyesha taa ya kijani kama ushahidi kwamba upande wake uko sawa. Taa ya kijani inasema waya umefika na pande mbili zimekubaliana kasi, basi. Haisemi lolote kuhusu VLAN ipi inapita juu ya waya huo. Isitoshe, VLAN isiyo na tegi (inayopita kwenye tranki bila alama ya namba yake) upande wa seva ni 99 na upande wa bweni ni 1, kwa hiyo pakiti za usimamizi zinatoka mtandao mmoja na kutua mwingine. VLAN 30 tuliiongeza wenyewe pande zote mbili, picha zikaja ndani ya sekunde chache. Hiyo isiyo na tegi hatujaigusa. Tunataka mwione.

Sasa hili la wanafunzi kuchezea waya. Ni kweli, mmoja alichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye soketi mbili za ukutani maktaba, na chuo kizima kikakosa mtandao kwa muda wa dakika 40. Swali letu ni kwa nini kosa la soketi moja liangushe majengo matatu. Tulipoingia ndani ya swichi tukakuta STP (kinga ya swichi dhidi ya vitanzi vya waya) imezimwa kwenye zote 3. Fundi alieleza kwamba aliizima kwa sababu kompyuta zilikuwa zinachelewa kupata anwani. Dalili aliiona vizuri, dawa ndiyo mbaya. STP ya zamani hukaa sekunde 15 ikisikiliza na sekunde 15 ikijifunza kabla ya kufungua poti, kwa hiyo kompyuta inaomba anwani mlango ukiwa bado umefungwa, inakata tamaa. Tiba yake ni kutumia RSTP, yaani STP mpya ya haraka, na kuzitangaza poti za watumiaji kuwa poti za pembeni, zifunguke mara moja. Ukiizima kabisa umeondoa breki ili gari liende kasi. Fremu ya Etherneti (bahasha ya data inayopita kwenye swichi) haina kihesabu cha kuikomesha kama ilivyo kwa pakiti ya IP. Ikiingia kwenye kitanzi itazunguka na kuongezeka hadi mtu achomoe waya, na hicho ndicho kilichotokea.

Kwa hiyo RSTP iwashwe kote. Swichi ya chumba cha seva ipewe kipaumbele 4096 (namba ndogo ndiyo yenye nguvu) ili iwe ndiyo shina, yaani swichi kuu. Mkiziacha zote kwenye 32768 ya kiwandani, yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa ya kiwandani) ndiyo itakayoshika ukubwa, na inaweza kuwa ile ya bwenini. Poti zote za ukutani ziwekewe ulinzi wa BPDU (ujumbe wa STP ambao swichi hutumiana), ili mtu akichomeka swichi yake ndogo poti ile ifungwe peke yake, wengine waendelee na kazi.

Bwenini kuna tatizo jingine ambalo mmelitibu vibaya mara mbili kwa kubadilisha kamera. Kamera za uzio wa nyuma huzima kila siku karibu saa 1 jioni, na asubuhi zinarudi. Kamera hazina ubaya wowote. Swichi ile hulisha vifaa umeme kupitia waya wa mtandao (PoE), na ina uwezo wa kugawa wati 195 kwa poti zote pamoja. Vifaa vya Wi-Fi viko 8, kila kimoja kinakula wati 16, jumla 128. Kamera 8 zinakula wati 5 kila moja mchana, jumla 40. Hapo tuko 168, kuna nafasi. Giza likiingia taa za infraredi zinawaka, kila kamera inapanda hadi wati 11, kamera peke yake zinafika 88 na jumla yote 216. Swichi inafanya ilivyoundwa kufanya: inakata poti za kipaumbele cha chini, na kwa kuwa vipaumbele vyote mmeviacha sawa, inaanza na zile za namba kubwa, kuanzia 24 kurudi nyuma. Ndipo zilipo kamera za uzio wa nyuma. Kwa kifupi, uzio wa nyuma unalindwa mchana tu.

Kwenye ukurasa wa PoE wa swichi yenyewe hesabu hii inaonekana bila kikokotoo. Karatasi ya bei yenu iliandika "PoE poti zote 24", nasi hatukatai kwamba kila poti inaweza kutoa umeme. Lakini kwa kiwango cha 802.3af, wati 15.4 kwa poti, poti 24 zinahitaji karibu wati 370. Swichi ya wati 195 inatosha poti 12 tu za namna hiyo. Tunaomba mtuletee ya wati 370, au mfunge injekta (vifaa vya kuingiza umeme kwenye waya wa mtandao) zenye umeme wake kwa vifaa 4 vya Wi-Fi. Hata mkichagua hiyo ya pili, kamera zipewe kipaumbele cha juu kuliko Wi-Fi.

Kuhusu faiba kati ya chumba cha seva na bweni. Ni mita 240, kwa hiyo waya wa shaba usingefaa kwa kuwa mwisho wake ni mita 100, na faiba haileti radi kutoka jengo moja hadi jingine. Hapo tunawapongeza. Lakini faiba mliyolaza ni ile ya ganda la njano, singo modi, yenye kiini cha maikroni 9, na moduli (vipande vinavyotuma nuru) mlizochomeka pande zote mbili ni za nanomita 850, za multimodi, yaani faiba ya kiini kipana zaidi. Nuru nyingi inapotea pale mdomoni kabla haijaingia kwenye faiba. Ndiyo maana kiungo kinakubali, kinakatika, kinakubali tena, na kihesabu cha makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) kinapanda kila tukikitazama. Kusafisha ncha kwa spiriti, kama fundi alivyofanya mara tatu, hakubadilishi urefu wa mawimbi. Zinatakiwa moduli 2 za LX, za singo modi, nanomita 1310. Faiba ibaki hiyo hiyo.

Kebo za ndani. Mkataba unasema Cat6 (daraja la kebo ya mtandao) ya shaba tupu. Tulikwangua kwa wembe ncha za kebo 5 za maktaba, zote ndani ni nyeupe: aliminiamu iliyopakwa shaba. Kuipitisha data kwa umbali mfupi inaweza, lakini ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo umeme wa PoE unapotelea njiani kama joto, na inakatika kirahisi kwenye soketi. Ncha nazo zimefumuliwa misokoto sentimita 4 hadi 5 kabla ya kubanwa. Isizidi milimita 13. Tunataka kebo zote 31 zibadilishwe, na ripoti ya kipimo kwa kila moja. Kile kipimo cha taa 8 zinazowaka kwa zamu hatukitambui, kinaonyesha mpangilio wa rangi tu.

Mengine tunayataja upesi. Nenosiri la kiwandani lipo bado kwenye swichi 2. Telnet (njia ya kuiamuru swichi kwa mbali) iko wazi, ambayo hupitisha nenosiri bila kulificha, na inafikika kutoka VLAN ya wanafunzi. Ifungwe, ibaki SSH na HTTPS, zinazoficha nenosiri, kupitia VLAN 99. SNMP (ya kufuatilia hali ya swichi) inajibu kwa neno public, ambalo kila mtu analijua. Saa za swichi hazijaunganishwa na NTP (ya kusawazisha saa), hivyo kumbukumbu za matukio zina tarehe za miaka iliyopita. Tena kumbukumbu hizo hufutika kila swichi ikizima. Zielekezwe kwenye seva yetu, na saa iwe UTC+3. Kabati la bweni halina waya wa ethi hata kidogo, skrubu ya nyuma ya swichi haijaguswa. Lebo hakuna.

Tunaomba marekebisho haya yafanyike ndani ya siku 7 za kazi tangu mpokee barua hii, yakianza na kamera za uzio na RSTP, kwa gharama zenu. Kukabidhi upya kutafanyika mbele yetu hivi: swichi zote 3 zitazimwa kwa dakika 5 na kuwashwa, kila huduma irudi yenyewe bila mtu kugusa kibodi, waya mmoja utachomekwa soketi mbili maktaba, na bweni lisihisi chochote, kamera zote 8 zitatazamwa saa 2 usiku. Baada ya hapo mtatuachia nakala ya usanidi wa kila swichi, orodha ya poti na VLAN zake, na manenosiri ndani ya bahasha iliyofungwa.

Asilimia 20 ya malipo iliyobaki itaendelea kushikiliwa na ofisi ya mhasibu kama mkataba unavyoruhusu. Fundi atakayekuja apitie kwanza ofisini kwetu, na aje na kebo yake ya konsoli. Mara ya mwisho aliazima ya kwetu, hajairudisha.

Wenu katika kazi,

Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkuu wa Chuo, Mhasibu, Ofisi ya Ununuzi.