Mti wa kivuli upandwe masika, ulindwe kaskazi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji tuzungumzie kivuli cha mitaani, hasa kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaoishi kwenye nyumba za bati zilizobanana: Temeke, Buguruni, Manzese, Tandale, Mbagala na kwingineko. Kila kaskazi inapoingia, kuanzia Desemba hadi Machi, magazeti huandika habari za joto na wananchi hushauriwa wanywe maji mengi na wakae kivulini. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba miti mikubwa ya mitaani inakatwa, na miche inayopandwa kuziba pengo hilo hufa mingi kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu zinazojulikana na zinazozuilika.

Mtu asiyeishi uswahilini anaweza kuona mti ni pambo. Kwetu ni ukumbi. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, chumba cha bati kisicho na dari hakikaliki, na maisha ya mtaa yote huhamia nje. Mama lishe hupanga meza zake chini ya mwarobaini, fundi cherehani hutoa mashine, muuza madafu huegesha baiskeli, mwenye ndoo ya juisi ya ukwaju hutafuta pa kukinga barafu yake isiyeyuke mapema. Wazee wako na bao, vijana na drafti ya vizibo vya soda. Desemba shule zimefungwa, watoto wanacheza rede na mdako. Ukiwatazama vizuri utaona mstari wa rede huchorwa pale kivuli kinapoishia, kwa sababu mchanga wa juani unaunguza nyayo, na kivuli kikihama mstari nao unafutwa na kuchorwa upya. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia ndani ya kaskazi, na baada ya adhuhuri waliofunga hutandika mikeka hapo hapo. Mti mmoja ukikatwa, biashara nne au tano na uwanja wa watoto hukosa mahali siku hiyo hiyo.

Sasa tuingie kwenye upandaji wenyewe, tukianza na mahali, maana kosa la mahali halirekebishiki. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Katikati ya tarehe hizo, saa sita mchana jua huwa limeelemea kusini kidogo, kwa hiyo kivuli cha ukuta huangukia upande wa kaskazini, nacho ni chembamba: ukuta wa meta 3 mwezi Desemba hautoi hata meta moja ya kivuli. Ndiyo maana baraza peke yake haitoshi. Linalochoma zaidi ni jua la saa nane mpaka saa kumi na mbili, linalopiga ukuta wa magharibi na kuupasha moto wa kukesha nao usiku, na Desemba linazama likiwa limeinamia kusini. Mti wa kuikinga nyumba ukae magharibi au kusini-magharibi yake. Ukiupanda mashariki, utakupa kivuli asubuhi, wakati hukihitaji sana.

Uwe meta 4 kutoka ukutani na meta 5 au zaidi kutoka shimo la choo, kwa sababu mizizi hufuata unyevu na nyufa za matofali huipa njia. Usiuweke juu ya bomba la maji. Usiuweke chini ya nyaya za umeme, kwani utakatwa kichwa kila ukifikia waya, na mti unaokatwa kichwa kila mara hautoi kivuli cha maana.

Kuhusu aina, mwarobaini unabaki kuwa wa kwanza kwa mitaa yetu. Huvumilia ukame na udongo wa kichanga, hubaki na majani sehemu kubwa ya kiangazi, na ukitunzwa vizuri ndani ya miaka mitatu au minne watu huanza kukaa chini yake. Usichovumilia ni maji yaliyotuama. Kwenye mabonde, karibu na Mto Msimbazi kwa mfano, mwarobaini uliosimama ndani ya dimbwi masika nzima huoza mizizi. Huko afadhali mkungu, ambao matawi yake hutandaa kwa matabaka na kivuli chake ni kipana, na watoto wanakula kungu. Ila mkungu hupukutisha majani makubwa mengi kwa mpigo, na yasipofagiliwa yanaziba mtaro, kwa hiyo usipandwe ukingoni mwa mtaro. Mwembe ni mti mzuri wa uani wenye nafasi. Barabarani huleta ugomvi, maana msimu wa embe mawe hurushwa na yanaishia kwenye bati la jirani. Mkrismasi hupendeza Desemba ukichanua, lakini matawi yake hukatika kwa upepo na mizizi yake iko juujuu, hupasua sakafu. Na hii miashoki inayopangwa kwenye kila uzio mpya, imesimama wima na kivuli chake ni chembamba mno. Ni miti ya kupamba ukuta. Anayetaka kukaa nje asiitegemee.

Wakati wa kupanda ndipo tunapopishana na viongozi wengi. Miche mingi hupandwa kwa hafla, na hafla kubwa ya mazingira ni ile ya 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Kwa Dar es Salaam, tarehe hiyo masika yamekwisha. Mche unawekwa ardhini kipupwe kinapoanza, haujapata mizizi ya kwenda chini, kisha unakutana na miezi kadhaa mikavu bila mtu wa kuumwagilia. Wengine hungoja vuli. Vuli haina uhakika: mwaka mmoja inanyesha, mwaka mwingine inapita kwa manyunyu, na hata ikinyesha, nyuma yake kaskazi inaingia mche ukiwa na wiki chache tu. Wakati sahihi ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, mvua zikiwa zimekwisha kulowesha udongo hadi kina cha kiwiko. Mche wa namna hiyo hupata Aprili na Mei za mvua, kipupwe cha baridi, vuli kama ipo, na kufika kaskazi yake ya kwanza ukiwa na miezi minane na mizizi iliyoshuka. Tunaomba hafla za Juni ziwe za kukagua iliyopandwa Aprili na kuhesabu iliyo hai.

Shimo liwe futi 2 kwa 2, kina futi 2, lichimbwe wiki mbili kabla. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe kando peke yake. Wa chini uwekwe upande wa pili. Mitaa mingi imejengwa juu ya kifusi, kwa hiyo utakuta vipande vya tofali, chupa na mifuko ya plastiki: vyote vitolewe, maana mzizi ukigonga plastiki unageuka. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hupata joto inapooza na kuunguza mizizi, nayo huvuta mchwa.

Unapochagua mche usidanganywe na urefu. Mche wa sentimeta 40 hadi 60 wenye shina nene kama penseli ni bora kuliko mrefu mwembamba uliokulia kivulini. Geuza kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliobeba mche, uangalie chini. Mizizi ikiwa imetoka na kujikita ardhini pale kitaluni, itakatika ukiuinua, na mche huo utanyauka ndani ya siku chache. Muulize mwenye kitalu kama mche umezoeshwa jua kwa wiki mbili tatu. Anayetaka kuotesha mwarobaini mwenyewe ajue mbegu yake haihifadhiki: iokotwe kwenye tunda lililoiva ambalo halijakauka, ioshwe nyama yake, ianikwe kivulini, na isizidi wiki mbili kabla ya kusiwa.

Siku ya kupanda, mwagilia mche kwanza. Kisha chana kiriba kwa wembe na ukitoe chote. Hapa ndipo panapoua miche mingi kuliko mahali pengine popote. Watu hupanda na kiriba chake, au huchana chini tu, na mizizi huzunguka ndani humo mpaka mti unajinyonga. Mara nyingi hufa mwaka wa pili au wa tatu, wakati kila mtu anaamini umeshika. Kama mizizi ya chini imejikunja, kata kipande chembamba cha kitako cha udongo pamoja na mizizi hiyo. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae usawa wa ardhi. Ikifukiwa inaoza. Shindilia kwa mkono au unyayo kwa kiasi, tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka mche upana wa meta moja, na mwaga ndoo nzima hata kama mawingu yametanda, ili udongo ukae na mizizi isibaki hewani.

Kinga ni lazima. Mbuzi mmoja humaliza kazi ya mwaka kwa dakika moja, na mpira wa watoto huvunja kikonyo. Nguzo nne za miti, kimo cha kifua, zikizungushiwa vyandarua chakavu au fito, zinatosha. Kama mche unahitaji kuegemea, ufungwe kwa kitambaa kwa umbo la nane, wala si kwa waya.

Kaskazi ya kwanza huamua. Mche unataka ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni, yote kwa mara moja. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu na kuifanya mizizi ibaki juu inakoungua. Tunajua maji yananunuliwa kwa ndoo na mgawo upo, hivyo tumieni maji ya kusuuzia nguo au ya kuoshea mchele na mboga. Ya povu la kwanza lenye sabuni nyingi na yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiende kwenye mche. Maji ya kisima cha chumvi nayo huunguza ncha za majani ya miche michanga. Yakitumika, yachanganywe nusu kwa nusu na ya bomba. Dumu la lita 5 lililotobolewa kitundu kimoja kidogo chini, likizikwa nusu kando ya mche, hulowesha polepole na kupunguza upotevu. Tandaza majani makavu unene wa kiganja juu ya kisahani, lakini yasiguse shina, kwa sababu mchwa hupandia hapo.

Miti mikubwa iliyobaki nayo inauawa taratibu na walewale wanaokaa chini yake. Sakafu ya saruji humwagwa mpaka shinani na maji hayaingii tena. Acheni angalau meta moja kila upande. Taka huchomwa pembeni na gome huungua. Maji ya moto ya kuoshea sufuria na oili chafu ya pikipiki humwagwa kwenye mizizi. Waya za mabango hufungwa kuzunguka shina na kusahaulika, mti unanenepa, waya unazama ndani ya gome na kukaba njia ya chakula. Waya wa namna hiyo ukionekana ukatwe leo.

Kupunguza matawi kufanywe Julai au Agosti. Wapo wanaokata Desemba ili kusafisha uwanja wa sikukuu, nao wanaingia Januari bila kivuli. Tawi nene likatwe mara tatu: kwanza kwa chini, kama futi moja kutoka shinani, hadi robo ya unene, kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome, mwisho kiondolewe kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe wa pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Kukata kichwa chote cha mti hakufai. Machipukizi yanayofuata hushikilia kwenye gome tu, na ndiyo yanayoangukia mabati upepo ukija.

Kwa serikali za mitaa tunaomba mambo mawili. Mkandarasi wa mtaro au barabara asiruhusiwe kukata mti kabla ya mwenyekiti na wakazi kuuona ukiwa umewekewa alama na kuonyeshwa kwamba njia haiwezi kupindishwa. Na kila mche wa barabarani uwe na kaya mbili zilizoandikwa kwa majina kuumwagilia, moja ikisafiri ya pili ibaki, maana mche usio na mwenyewe hatujawahi kuona ukivuka kaskazi.

Huu ni mwezi wa Februari. Mitaa inayotaka kupanda mwaka huu iagize miche sasa, ikusanye samadi iliyokwisha kuoza, na ichimbe mashimo wiki mbili za mwanzo za Machi.

Waotesha miche na watunza miti ya mitaani,
Temeke, Dar es Salaam