Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wa maabara za vimelea, walezi wetu, wageni kutoka vyama rafiki, na ninyi vijana wa vyuo mliojazana viti vya nyuma kana kwamba vya mbele vimemwagiwa sampuli: asanteni kwa kuja.

Katiba inanitaka nieleze mambo ya chama kwa mwaka mzima. Ya ofisi nitayapitia haraka, maana katibu ameyaandika vizuri kwenye makabrasha. Kamati tendaji ilikutana kwa ratiba. Mijadala yetu ya makala ya kisayansi iliendelea kila mwezi, mara nyingi kwa njia ya mtandao, kwa sababu wenzetu wa wilayani hawawezi kuacha zamu. Mahudhurio ni mazuri mpaka pale mtu anapoombwa awashe kamera. Kuhusu ada, wanaodaiwa wanajijua, na mhasibu anawajua zaidi. Nayaacha hapo.

Muda uliobaki ningependa tuutumie kwenye sayansi yenyewe. Karibu kila tulichokisoma mwaka huu, kiwe cha dawa, cha chakula au cha maisha ya bakteria, kilinirudisha kwenye benchi moja, benchi la kuotesha vimelea, yaani kuwakuza bakteria wa sampuli ya mgonjwa ili tujue ni nani na anauawa na dawa gani. Hilo ndilo benchi linalofungwa kwanza hela ikipungua.

Mwezi Oktoba Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti yake ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa takwimu za mwaka 2023. Duniani kote, ambukizo moja kati ya sita yaliyothibitishwa maabara lilitokana na bakteria sugu. Kwa Kanda ya Afrika ni moja kati ya tano. Kwa E. coli na Klebsiella pneumoniae, bakteria wa matumboni wanaosababisha maambukizi ya mkojo na ya damu, usugu kwa sefalosporini za kizazi cha tatu umevuka asilimia 70 katika kanda yetu. Humo ndimo ilimo seftriaksoni, sindano ambayo wodi nyingi huanza nayo kabla hata jina la mgonjwa halijaandikwa kwenye faili.

Takwimu hizo ni nzito, ila sisi tunaozizalisha tunajua kasoro yake. Kwetu anayeoteshewa sampuli ni nani? Ni yule aliyekwisha kunywa dawa za duka la mtaani, zikashindikana, akaenda kituo cha afya, zikashindikana tena, ndipo akapewa rufaa. Mgonjwa aliyepona kwa amoksilini ya mwanzo hatufikii kamwe. Kwa hiyo asilimia tunazoripoti huenda zinapaa juu ya hali halisi ya mitaani, na hakuna awezaye kusema zinapaa kiasi gani mpaka maabara za chini zianze kuotesha. Mradi wa MAAP, ulioongozwa na Jumuiya ya Afrika ya Tiba ya Maabara pamoja na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ulikagua mitandao ya maabara ya nchi 14 za bara hili na kutoa matokeo mwaka 2022: kati ya maabara zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Niliposoma namba hiyo kwenye mjadala wetu, mwenzetu mmoja aliuliza kama nukta haijakosewa. Haijakosewa.

Kwa wanaodhani haya ni malalamiko ya watu wa maabara tu, nawarudisha kwenye utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 na kuchapishwa mwaka 2007. Watoto waliokutwa kwenye damu na bakteria wa Gram hasi, kundi la kina E. coli na Klebsiella, walifariki kwa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Kupewa dawa isiyofaa kwa sababu ya usugu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Malaria ilipata vyandarua, vipimo vya haraka na mabango barabarani, na ilistahili. Homa ya bakteria kwenye damu haijapata hata chupa za kutosha za kuoteshea damu.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugombanisha zaidi mwaka huu, yaani UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Hakuna ugonjwa unaotajwa nchini kama huu. Mtu akiumwa kiuno, UTI. Akichoka, UTI. Dawa zikigoma, inapandishwa cheo na kuitwa UTI sugu. Mradi wa HATUA, uliofanya kazi Kenya, Uganda na hapa kwetu katika mikoa ya Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro, uliotesha mkojo wa wagonjwa 7,583 wenye dalili. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa asilimia 35. Na kati ya E. coli waliopatikana, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja.

Someni namba hizo mbili kwa pamoja, kwa sababu watu huchagua moja. Daktari hushika ile ya usugu na kupandisha dawa. Mwenye maabara aliyezoea kuandika “chembechembe za usaha zipo” kama ushahidi tosha wa UTI hapendi ile ya 35. Wapo watakaosema, kwa haki, kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekunywa dawa kabla ya kutoa mkojo, na kwamba idadi ndogo ya bakteria inaweza kuleta dalili. Nakubali. Hata hivyo, hatuwezi kueleza kwa njia hiyo thuluthi mbili ya watu. Wengi wanatibiwa ugonjwa wasio nao, na kwa kila dozi tunawachambua bakteria wa matumboni mwao, wanyonge wanakufa na sugu wanabaki.

Kuna wachache ambao UTI yao kweli inarudi na kurudi, na hawa fiziolojia ya bakteria inatusaidia kuwaelewa. Mwaka 1944 Joseph Bigger aliona kwamba penisilini haiui stafilokokasi wote chupani. Wachache mno hubaki, na ukiwaotesha upya, watoto wao wanauawa na penisilini ileile kama kawaida. Hawakuwa sugu. Walikuwa wamepunguza mwendo wa maisha, na penisilini huwapata wale wanaojenga ukuta wa seli, yaani wanaokua. Leo tunajua kwamba bakteria akikosa lishe huzalisha molekuli ndogo iitwayo ppGpp, inayopunguza utengenezaji wa ribosomu, viwanda vya protini vya seli, na kumfanya ajikunyate. Kwa panya imeonekana pia kwamba E. coli wa njia ya mkojo huingia ndani ya seli za kibofu na kujenga makundi humo, mahali ambapo dawa nyingi hufika kwa shida. Kipimo chetu cha diski, vile vikaratasi vyenye dawa tunavyoviweka juu ya bakteria kwenye sahani, kitaandika kwamba bakteria huyo anauawa na dawa, na kitakuwa kimesema kweli, huku mgonjwa akirudi baada ya mwezi. Jambo hili tuwaeleze madaktari kabla hawajatuambia maabara imekosea.

Katika fani hiyohiyo mna kisa ambacho nimewaomba walimu wakifundishe. Maabara moja mashuhuri ya Ulaya ilichapisha nadharia nzuri sana ya jinsi bakteria wavumilivu, kama wale wa Bigger, wanavyotokea kwa njia ya jozi za sumu na vizuia-sumu vilivyomo ndani ya seli yenyewe. Kila mtu aliinukuu. Kisha maabara hiyohiyo ikagundua kwamba E. coli waliotumika walikuwa wameingiliwa na faji, yaani kirusi cha bakteria, aitwaye phi80, wakatangaza wenyewe, na mwaka 2018 kazi hizo zikaondolewa. Kama faji anaweza kuingia humo, basi anayeniambia kwamba benchi lake halihitaji kudhibitiwa kila wiki kwa bakteria wa kumbukumbu, ambao majibu yao yanajulikana, namwombea.

Dawa mpya zipo. Mwezi Machi Marekani iliidhinisha gepotidasini kwa UTI ya wanawake na wasichana kuanzia miaka 12. Ni kidonge, na hushika vimeng'enya vilevile vinavyoshambuliwa na siprofloksasini, dawa iliyozoeleka mitaani, lakini kwa mahali tofauti, hivyo usugu wa siprofloksasini haumaanishi moja kwa moja usugu kwake. Mwezi huohuo kundi la Gerry Wright wa Chuo Kikuu cha McMaster lilitangaza lariosidini, molekuli inayoshika ribosomu mahali pasipoguswa na dawa zilizopo. Bado iko mbali na mgonjwa. Kilichonifurahisha ni namna ilivyopatikana: udongo wa uani kwa mtu, mjini Hamilton, Kanada, ulioteshwa na kuachwa kwa takriban mwaka mzima ili bakteria wanaokua polepole nao wajitokeze. Vijana wetu wanaotupa sahani baada ya saa 48 wasikie. Udongo wa Usambara na wa Kitulo sijasikia aliyeuotesha hivyo kwa subira, na hauhitaji mashine ya mabilioni.

Gepotidasini itafika lini kwenye famasi zetu na kwa bei gani, sitabashiri. Wakati tunasubiri, nitrofurantoini, dawa nyingine ya UTI, ipo, ni ya zamani, ni ya bei ndogo, na WHO imeiweka kundi la dawa za kuanza nazo, ilhali siprofloksasini iko kundi la kuchungwa. Ukiingia mitaani mpangilio umegeuzwa.

Kamati ya chakula mwaka huu imefanya kazi kuliko kamati zote, naipongeza. Iliturudisha kwenye togwa. Tafiti za Lorri na Svanberg, na baadaye za Kingamkono na wenzake, zilizofanyika Tanzania miaka ya 1990, zilionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa kwa bakteria wa laktiki waliugua kuhara mara chache zaidi, na bakteria wa kuharisha walipungua kwenye vinyesi vyao. Asidi hushusha pH chini ya 4, na wengi wa wale wabaya hawavumilii. Kwenye maziwa ya kuganda ya Wamaasai wa Kenya, watafiti walikuta Lactobacillus plantarum akiwa takriban asilimia 60 ya bakteria wa jenasi ya Lactobacillus. Na Mwanza, tangu 2004, kikundi cha wanawake cha Tukwamuane kilitengeneza mtindi wa Fiti wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Huo ni utafiti uliotoka maabara ukaingia jikoni ukauzwa, na sijui kwa nini hatuutaji tunapoalikwa kuzungumza na viongozi.

Kamati ilionya pia, nami naunga mkono. Kuchacha hakuui kwa uhakika Brucella, bakteria wa mifugo anayemwambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe kwanza, kisha yagandishwe. Mwanachama anayetangaza mitandaoni mtindi wa maziwa mabichi kuwa “dawa ya tumbo” aache kutumia jina la chama.

Sumukuvu nayo haisikii moto. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa mahindi waliyopika vizuri tu. Kupika huua kuvu, sumu inabaki kwenye ugali. Aflasafe, yaani aina za Aspergillus flavus zisizo na sumu zinazomwagwa shambani ili ziwahi nafasi ya zile zenye sumu, imefika nchini, lakini wakulima wengi tuliozungumza nao hawajaiona.

Kuhusu dawa wanazopewa kuku wa kisasa nitasema moja. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza jeni mcr-1, inayohamishwa kwa plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana, na kuleta usugu kwa kolistini, dawa ya akiba ya mwisho kwa wagonjwa. China ikapiga marufuku kolistini ya kukuzia mifugo mwaka 2017, na E. coli sugu kwa kolistini wakapungua, kwa nguruwe na kwa binadamu pia. Usugu unaweza kurudi nyuma. Wafugaji wanapotuambia “maji yamekwishamwagika”, tuwape mfano huo.

Fedha. Mwezi Julai Uingereza ilitangaza kuufunga Mfuko wa Fleming ulioanzishwa mwaka 2015, ambao ulizisaidia maabara za Tanzania, Kenya na Uganda kupata vifaa na mafunzo. Mashine zitabaki, vitendanishi vitakwisha. Mkakati wa taifa wa usugu wa vimelea, wa 2023 hadi 2028, umeandikwa vizuri, na sasa unahitaji kifungu chake kwenye bajeti za hospitali, siyo kwenye barua za wafadhili. Kamati tendaji imeandaa rasimu ya waraka kwa wizara. Naomba muisome leo, si baada ya kupelekwa.

Yapo ambayo hayahitaji mfadhili. Agari ya damu, ile jeli ya kuoteshea bakteria, itengenezwe kwa damu ya kondoo, na si damu ya binadamu iliyopitwa na muda benki ya damu. Hospitali inayoweza kulisha mlinzi inaweza kulisha kondoo wawili. Agari ya Mueller-Hinton, ya kipimo cha diski, iwe na kina cha milimita 4, kwa rula, si kwa jicho. Mafunzo ya mwaka ujao yataanzia hapo.

Na mwisho, azimio namba mbili kwenye makabrasha yenu: kwamba mwanachama wa chama hiki asitoe jibu la homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha Widal, kinachotafuta kingamwili kwenye damu na si bakteria mwenyewe. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896, na mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na Salmonella, kundi la bakteria alimo yule wa homa hiyo, jibu moja halitofautishi ugonjwa wa leo na kumbukumbu ya mwili. Najua kwa wenye maabara binafsi kinalipa pango, na najua wawili watatu wamejiandaa kupinga. Watapewa nafasi, dakika tano kila mmoja. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, baada ya mhasibu kusoma hesabu na kabla ya chakula. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Fomu ziko mezani pale mlangoni.