Ule mrija wa tatu

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Dagaa wako wamefika. Watoto wamewamaliza kabla sijavua viatu. Unauliza kama ni kweli roboti la kukuzia seli maabarani haliziingizii vijidudu, maana nanyi huko Mwanza mnaletewa lenu. Ngoja nikusimulie yetu.

Letu lilipofika tulipiga vigelegele. Halikohoi, halipigi soga juu ya sahani za seli, na mikoplasma, wale bakteria wadogo mno wanaokaa kooni mwa mtu, halina. Wiki ya tatu midia, yale maji ya lishe ya seli, ikawa njano, ina mawingu. Lawama zote akatwishwa kijana mgeni wa maabara. Nami nilikuwa mmojawapo wa waliomnyooshea kidole.

Siku moja nikazipanga sahani mezani. Kila sahani ina visima 96, vile vishimo vya kuwekea seli, katika mistari minane, na vilivyoharibika vyote vilikuwa mstari wa tatu. Mkono wa mtu huchafua ovyo, kimoja huku, viwili kule, hauchagui mstari. Kila mstari una mrija wake wa kumiminia midia, basi tukafungua mrija wa tatu. Rehema, utelezi! Kama ndoo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Tulikuwa tunausuuza kwa spiriti ya asilimia 70 tukidhani yatosha, kumbe spiriti haiui spora, zile mbegu ngumu za vijidudu, na bakteria waliojificha ndani ya utelezi haiwafikii vizuri. Sasa mirija inayostahimili joto inaingia otoklevu, ile mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, isiyostahimili tunatupa.

Beseni la maji la inkubeta, lile kabati la joto la kulelea seli, nalo lisikupite: nyuzi 37 na unyevu ule, ukungu unajiona kwao.

Halafu umeme. Ukikatika, feni ya kabati la hewa safi, roboti linamofanyia kazi, inasimama na hewa ya chumba inajiingilia, lakini roboti lenye betri linaendelea kufungua vifuniko kana kwamba hakuna kilichotokea! Mwambieni fundi aviunganishe: feni ikizima, nalo lisimame.

Na msijitulize kwa antibayotiki. Mikoplasma hana ukuta wa seli, penisilini haimgusi. Hupenya hata chujio la mikroni 0.22, wala midia haifanyi mawingu. Sisi tunampima kwa PCR, kipimo cha kusaka DNA yake, kila mwezi, hata seli zikionekana nzima.

Yule kijana nilimwomba radhi, nikamnunulia chipsi mayai. Alikula zote, ila bado ananitazama kwa jicho la pembeni.

Msalimie mama.

Wako,
Zuhura