Maili Tano Kutoka Barabarani

Fairbanks, Alaska
Mwishoni mwa Septemba

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na mjomba akipita hapo nyumbani mwambie barua hii inamhusu kuliko anavyodhani. Huku sote wazima. Watoto wamerudi shule, na hela ya bati nimemtumia dada kwenye simu, kwa hiyo fundi asiwazungushe tena.

Uliniuliza wale wanyama kwenye picha ni nyumbu wa aina gani, na kwa nini zama hizi watu wanawavizia kwa upinde wakati bunduki zimejaa tele. Swali la bwana nyama hilo, hata kama umestaafu. Kwa simu nisingemaliza, maana hilo jambo ndilo watu wa huku wanaloligombania kila mwaka.

Wale ni karibuu. Pembe zao zina matawi, zinadondoka na kuota upya kila mwaka, na majike nao wanazo. Wanahama kwa makundi makubwa kufuata majani na kukimbia mbu. Mimi nakutana nao kazini. Barabara ninayopita na lori, Dalton, ina maili 414, sehemu kubwa ni kokoto, na ilijengwa mwaka 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta la kutoka Prudhoe Bay. Ukishavuka milima ya Brooks huoni mti hata mmoja, ni tundra mpaka baharini. Mwezi uliopita kundi likanikatia njia, nikasimama, nikazima injini. Baba, miguu yao inalia! Kila hatua kuna kano ndani ya mguu inayotoa mlio, tik, tik, na wakiwa wengi unasikia hata ukiwa ndani ya kabini.

Sasa sheria yenyewe. Kuanzia mto Yukon kwenda kaskazini, maili tano kila upande wa barabara hiyo, yaani kilomita nane, huwindi kwa bunduki. Ni upinde tu, tena uwe na cheti cha mafunzo. Wala huruhusiwi kushusha pikipiki ya magurudumu manne kwenye tela ukaingia nayo porini. Anayetaka kutumia bunduki aibebe kwa miguu mpaka avuke maili tano, apige huko, kisha arudi na nyama mgongoni. Na tundra usidhani ni mbuga ya kutembea ukipiga mluzi. Ni mafundo ya nyasi yanayoyumba ukikanyaga, na katikati yake maji ya baridi.

Nilimkuta jamaa mmoja ametokea huko, amekaa kwenye bampa la gari lake, mikanda ya mzigo imemchuna mabega yote mawili. Nikampa chai ya chupa. Dume moja, hata ukiondoa mifupa, ni safari mbili tatu za mtu mwenye nguvu, na yeye alikuwa amemaliza moja. Pembe alikuwa ameziacha kule kule, kwa sababu sheria inakataza pembe kutangulia nyama. Ukikutwa na pembe nzuri mkononi huku mnofu unaozea porini, utajieleza mahakamani. Nikakukumbuka na wale wageni wako waliokuwa wakitaka kichwa tu.

Nimewahi kuingia kwenye mkutano mmoja hapa mjini. Huku kila eneo lina kamati ya ushauri ya raia, na mapendekezo yao yanakwenda kwenye bodi ya watu saba wanaoteuliwa na gavana. Mtu yeyote anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, hata dereva wa lori. Mzee mmoja alisimama akasema amewinda maisha yake yote, sasa magoti yamekwisha, na ardhi inayoitwa ya umma imekuwa ya vijana wenye mapafu. Watu wakampigia makofi. Nilimwonea huruma, na bado nadhani hayuko sahihi. Chini ya ile nyasi kuna udongo ulioganda miaka yote. Tairi zikichana zulia la juu, jua linafika chini, barafu inayeyuka, njia inageuka tope, anayefuata anapita pembeni, na kovu linazidi kutanuka. Alama ya tairi bado unaiona baada ya miaka mingi. Tena umbali wenyewe unafanya kazi ambayo askari wote wa wanyamapori mngeajiriwa msingeimaliza. Nyinyi mlikuwa mnalala porini na bunduki moja na Land Rover isiyowaka, na bado mjomba alikuwa anapita na nyaya zake. (Msomee hapo polepole.)

Lakini si kila chombo kinatazamwa kwa jicho moja. Wenyeji wa kaskazini-magharibi, Wainupiati, hawana barabara ya kwenda popote. Kwao pikipiki ya theluji ndiyo punda na ndiyo gari la wagonjwa, na sheria inawaruhusu kuitumia kusogelea karibuu. Kinachowakera wao ni ndege ndogo. Rubani anawashusha wawindaji wa mjini mbele ya kundi, na wazee wanasema wale wa mbele wakishtuliwa, kundi zima linakata kona na kijiji kinakosa nyama ya majira ya baridi. Desturi yao ni kuwaacha viongozi wapite kwanza. Ndiyo maana kwenye bonde la mto Noatak ndege za kuwindia zimepigwa marufuku kuanzia katikati ya Agosti mpaka mwisho wa Septemba. Na karibu jimbo zima, ukishuka kwenye ndege ndogo leo, hupigi mnyama mkubwa mpaka saa tisa usiku wa kuamkia kesho. Hiyo ungeipenda.

Kinachofanya kelele zipande ni hesabu. Kundi la karibuu wa huko kaskazini-magharibi, wanaloliita la Magharibi, lilikuwa 490,000 mwaka 2003. Mwaka 2023 wamehesabiwa 152,000. Hili ninalokutana nalo mimi lilifika karibu 70,000 mwaka 2010, na miaka sita baadaye likawa 22,000 hivi. Wanabiolojia hawamtwishi mwindaji lawama zote, maana majike wazima wamekuwa wakifa kwa wingi, mvua ya baridi inafunga malisho kwa barafu, na baadhi wanahamia makundi mengine. Ila mwindaji ndiye anayeweza kuambiwa apunguze, mvua haiambiliki. Mwaka 2024 bodi ilikata kiwango cha wakazi wa kaskazini-magharibi kutoka watano kwa siku hadi 15 kwa mwaka, na jike asizidi mmoja. Fikiria umwambie hivyo mtu ambaye duka la kijijini kwake bidhaa nyingi zinafika kwa ndege.

Halafu kuna serikali mbili, ya jimbo na ya shirikisho kule Washington. Sheria ya Washington ya mwaka 1980 inampa mtu wa kijijini kipaumbele kwenye nyama ya kujikimu. Mwaka 1989 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema katiba ya Alaska haibagui mtu wa mjini na wa kijijini. Tangu hapo ardhi ya shirikisho ina kanuni zake na ya jimbo zake, na mwindaji anatembea na ramani mkononi akiuliza hapa nimesimama kwa nani. Nyinyi mlikuwa na hifadhi, pori la akiba na ardhi ya kijiji, na ilikuwa balaa tosha.

Nataka unijibu kitu kimoja, Baba. Ile barabara ya lami ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, ambayo mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliikatalia, ingepita, ungeamini maili tano za miguu zingewazuia watu wa kwetu? Jibu kama bwana nyama, si kama baba wa dereva.

Na mjomba asianze kupanga safari. Leseni ya mkazi ni dola 45, lakini mkazi ni aliyekaa mwaka mzima. Mgeni wa nchi nyingine hagusi karibuu bila muongozaji aliyesajiliwa, na bei ya huyo muongozaji, akiuza zizi lote na la jirani, bado atadaiwa.

Mwanao