Malalamiko: Bi Mkubwa wetu kunyang'anywa chakula mezani, Seoul

Meneja,
Kampuni ya Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa niaba ya wanakikoba wenzangu tuliosafiri nanyi kwenda Korea Kusini mwezi Januari. Wawili kati yetu walichukua kifurushi kisicho na chakula cha usiku; masharti ya vifurushi vyenu mnayajua kuliko mimi, sitawachosha nayo. Nataka mjue kiongozi wenu wa msafara alitufanyia nini.

Tulikuwa kwenye mgahawa wa kuku wa halali, Itaewon, karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul. Tulishinda nje kutwa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Likaja sinia la kuku. Wakorea humkaanga mara mbili, ngozi inabaki nyembamba, inalia mdomoni. Vipande vingine wanavigaragaza kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili wenye utamu. Pembeni vibakuli vya figili za siki, na chapati za maji zenye majani ya vitunguu na ngisi. Chakula kile kinawekwa kati, kila mkono unafika. Tukachangamka, tukaanza kusogezeana vipande kama tulivyozoea.

Bi Mkubwa wetu, mwenye umri wa kutuzaa sote, akachukua paja. Kijana wenu, huyo kiongozi wa msafara, akamshika mkono, akalitoa paja vidoleni mwake, akalirudisha siniani. Kisha akasema kwa sauti: "Wewe na mwenzako kifurushi chenu hakina chakula cha usiku. Kasubirini kwenye basi." Bi Mkubwa akafuta vidole kwa leso, akainuka bila neno. Mwenzake akamfuata.

Basi lilikuwa limefungwa na dereva hayupo. Nje ilikuwa nyuzi 10 chini ya sifuri.

Ofisini kwenu, kabla hatujalipa hata senti, tuliwauliza kama hao wawili wataweza kula nasi. Mkasema hamna shida, mezani mtagawana. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu wenu, mbele yetu sote! Na pale mezani mwenzetu alitoa noti ya won 50,000 ili wawili hao walipiwe. Kijana akaikataa, eti ndio utaratibu wa kampuni. Ni utaratibu gani unaomkataza mtu kumgawia rafiki yake chakula alichokilipia?

Aliyewanusuru ni mama mwenye mgahawa. Aliwaona kupitia kioo, akatoka bila koti, akawashika mikono akawaingiza na kuwakalisha kando ya hita. Akawaletea supu na hakutaka malipo. Niliona aibu mpaka nikainamisha kichwa: mgeni anamsitiri mzee wetu dhidi ya mtu tuliyemlipa sisi wenyewe.

Narudia, msije mkasema sikueleweka. Alimshika mkono mwanamke mwenye mvi. Lile paja lilikuwa limeshafika mdomoni, lina alama ya meno. Akalivuta. Akalitupa juu ya vipande vya wengine, akatuambia "endeleeni". Meza ya jirani waliweka vijiti chini wakatutazama. Hakuna aliyeligusa tena sinia lile. Kuku alipoa mbele yetu, mchuzi ukaganda, na yeye alisimama pale pale akiangalia saa.

Nilipoanza kuandika nilitaka barua ya kuomba radhi tu, yenye saini yako, iletwe nyumbani kwa Bi Mkubwa na kijana huyo mwenyewe. Hiyo bado naidai. Lakini haitoshi. Mturudishie sote fedha za chakula cha usiku ule. Na hao wawili warudishiwe gharama yote ya safari, tiketi ya ndege ikiwemo, bila makato. Na kijana huyo asikabidhiwe tena kundi lenye wazee.

Nawapa siku 14. Zikipita, nalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, inayowalinda wateja, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na risiti zenu na picha zilizopigwa mezani. Kikoba chetu kilishaanza kuchanga fedha za Umra kupitia kwenu; nimeshazisimamisha, na vikoba jirani vinavyouliza sababu navieleza yote, kuanzia lile paja.

Mteja wenu,
Mweka hazina wa kikoba